Greed, avarice, covetousness, rapacity: neno lipi la Kiingereza linafaa unapotaka kusema tamaa?

Anayeandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili hufika mahali akakwama. Kichwani ana tamaa, au uchoyo, au ulafi. Akifungua kamusi anapewa mstari mzima: greed, avarice, covetousness, cupidity, rapacity, gluttony. Wengi huchukua greed na kuendelea na kazi, na mara nyingi hawakosei. Lakini yako maandishi ambamo greed hulegeza shtaka lililopaswa kubana, na mengine ambamo humbebesha mtu kosa lisilo lake. Kwa mwandishi wa habari, mfasiri, mhubiri au mtayarishaji wa ripoti, tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu jina la mtu liko ndani ya sentensi.

Vigezo

Kila neno nitalipima kwa mambo manne.

La kwanza ni asili. Kiingereza kina matabaka. Chini kabisa yapo maneno ya Waanglo-Saksoni, mafupi, ya nyumbani na shambani. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na Kilatini kikaendelea kuwa lugha ya Kanisa na wasomi. Maneno ya lugha hizo mbili yalikaa juu ya yale ya zamani bila kuyafuta. Mwingereza wa leo hahitaji kuijua historia hiyo ili aisikie. Sikio lake tu humwambia kwamba hili ni neno la jikoni na lile ni la mimbari. Sisi tunalijua jambo hili kwa lugha yetu: choyo na ulafi ni vya Kibantu, tamaa na ubahili vimetoka kwa Waarabu, na hakuna Mswahili anayevichanganya.

La pili ni kosa lenyewe, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Kutaka kupita kiasi ni jambo moja, kung'ang'ania ulicho nacho ni jingine, na kunyakua cha mwenzako ni jingine kabisa. Kila neno la Kiingereza hapa linamshtaki mtu kwa mojawapo zaidi ya mengine.

La tatu ni mahali neno linapozoeleka: sokoni, kanisani, gazetini au katika fasihi. La nne ni umbo la kisarufi, yaani kama kuna kitenzi na kivumishi kinachotumika kweli, maana sentensi nyingi hukwama hapo.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nitamtumia mtu mmoja kwa maneno yote: mwenye nyumba anayepangisha, ambaye wapangaji wake wanamlalamikia.

Greed

Asili. Neno hili lilianza na njaa. Kivumishi greedy ni cha kale sana. Kwa Kiingereza cha Waanglo-Saksoni kiliandikwa grædig, na ndugu yake katika lugha ya Wagothi, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani, alimaanisha tu mwenye njaa. Katika Beowulf, utenzi wa kale wa Kiingereza, zimwi Grendel anaitwa "grim ond grædig", katili na mwenye uchu, pale anapoingia ukumbini usiku na kuwabeba mashujaa thelathini waliolala. Nomino greed ni changa: ilikatwa kutoka kwenye kivumishi karibu na mwaka 1600. Kwa hiyo hata leo, nyuma ya greed kuna tumbo linaloomba.

Kosa. Kutaka zaidi ya haja. Kitu kinachotakiwa kinaweza kuwa chochote: pesa, madaraka, sifa, kipande cha tatu cha keki. Neno halisemi kama mtu amefanikiwa kukipata, wala kama amevunja sheria. Linasema kilichomo moyoni.

Mahali. Kila mahali. Mama humkanya mtoto kwa greedy mezani, na mkuu wa benki kuu hulitumia bungeni. Mwaka 1986 mfanyabiashara wa hisa Ivan Boesky aliwaambia wahitimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwamba greed si mbaya na hata ni ya afya. Kabla mwaka huo haujaisha alikubali kulipa dola milioni 100 kwa kosa la kufanya biashara ya hisa kwa taarifa za siri, na baadaye akafungwa. Mwaka 2002, baada ya kashfa za mahesabu za kampuni kubwa za Marekani, Alan Greenspan wa benki kuu ya nchi hiyo aliliambia Seneti kwamba wafanyabiashara wengi walikuwa wameshikwa na greed ya kuambukiza. Wawili hao walisimama pande mbili tofauti, lakini neno lao lilikuwa moja. Sidhani kama Boesky angethubutu kuisifu avarice mbele ya wahitimu. Greed ina ukaribu na njaa, na njaa ni ya kila mtu, kwa hiyo mtu anaweza kujaribu kuitetea.

Wanaoandika juu ya vita nao wana greed yao. Wachumi Paul Collier na Anke Hoeffler waliliweka neno hili pamoja na grievance, yaani manung'uniko, katika makala yao ya 2004 kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakiuliza kama fursa ya kujipatia mali huchochea vita kuliko dhuluma wanazolalamikia watu. Ukiandika kwa Kiingereza juu ya madini na vita vya mashariki mwa Kongo kisha ukatumia greed, msomaji wa fani hiyo atadhani umechagua upande katika mjadala huo. Uitumie ukilijua hilo.

Sarufi. Rahisi kuliko yote. Kuna greedy, na unasema greed for money, greed for power. Hata wanaoandika programu za kompyuta wanalo: algoriti inayochukua kilicho bora kwa hatua iliyopo bila kutazama mbele huitwa greedy, na hapo halina lawama yoyote.

Mwenye nyumba. A greedy landlord anataka kodi kubwa kuliko nyumba inavyostahili. Huenda kila kitu kimo ndani ya mkataba.

Linamfaa anayetaka kueleweka na kila msomaji, na anayezungumzia nia kuliko tendo. Udhaifu wake ni kwamba limechoka. Ukiandika kwamba bei zimepanda kwa sababu ya corporate greed, umetaja hisia tu; msomaji makini bado anangoja uonyeshe nani alifanya nini.

Avarice

Asili. Kilatini avaritia, kutoka kwenye kitenzi avere, kutamani sana, likapitia Kifaransa na kuingia Kiingereza karibu na mwaka 1300. Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya sita, aliiweka avaritia katika orodha yake ya dhambi kuu saba, na kutoka hapo ikapita kwenye mahubiri na michoro ya makanisa ya Ulaya kwa karne nyingi. Neno lilifika Uingereza likiwa tayari limevaa joho.

Kosa. Kuipenda mali yenyewe, kuikusanya na kutoiachia. Hapa kutaka na kushika vimeungana. Zamani neno lilikuwa pana zaidi: katika Macbeth ya Shakespeare, Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa, anajisingizia avarice isiyozimika, akisema angekuwa mfalme angewaua wakuu wa nchi ili achukue ardhi zao, na Macduff, mmoja wa wakuu hao, anamjibu kwamba uovu huo una mizizi mirefu kuliko uasherati. Siku hizi msomaji akiona avarice huona kwanza sanduku lililofungwa.

Mahali. Fasihi, historia, mahubiri, tahariri nzito. Katika mazungumzo ya kawaida linasikika kama kauli ya jukwaani. Umo msemo mmoja ulio hai bado: utajiri beyond the dreams of avarice, yaani kupita hata ndoto za mwenye tamaa. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, aliusema mwaka 1781 kiwanda cha bia cha rafiki yake Thrale kilipokuwa kinauzwa London.

Sarufi. Kivumishi ni avaricious. Kitenzi hakuna.

Mwenye nyumba. An avaricious landlord ana nyumba kumi na hatengenezi hata bomba moja linalovuja. Pesa inaingia, haitoki.

Waliosoma kwa Kifaransa, kule Kongo, Burundi na Rwanda, wana mtego hapa. Avare ya Kifaransa ni bahili, mtu asiyetoa. Avaricious ya Kiingereza inamhusu pia anayetaka kuongeza. Kama kosa la mtu wako ni ubahili tu, andika miserly au stingy. Nomino miser nayo ina historia ya kusikitisha: kwa Kilatini maana yake ni mnyonge, mtu wa taabu, na miserable imetoka hapohapo. Waingereza walimwita bahili mnyonge, kwa kuwa anaishi kimaskini juu ya hazina yake.

Linamfaa mwandishi wa fasihi au historia, na anayezungumzia tabia ya maisha yote. Halifai kwa tukio moja la siku moja.

Covetousness

Asili. Kitenzi covet kimetoka Kilatini cupiditas, kikageuzwageuzwa na vinywa vya Wafaransa hadi hakifanani tena na mzazi wake. Kimo katika Kiingereza tangu karne ya 13.

Kosa. Kutamani kilicho cha mwingine. Huo ndio mpaka wake, na maneno mengine hayana mpaka huo. Katika Biblia ya King James ya 1611, Kutoka 20:17 inasema "Thou shalt not covet", kisha inataja nyumba ya jirani, mke wake, mtumwa wake, ng'ombe wake, punda wake. Biblia yetu inasema "Usiitamani nyumba ya jirani yako." Huwezi ku-covet hewa, wala nyumba isiyo na mwenyewe. Na si sawa na envy, ambayo ni kijicho: mwenye kijicho anaumia kwa kuwa wewe unacho, hata kama yeye hakihitaji.

Mahali. Nomino ndefu covetousness imebaki kanisani. Hata huko inapungua: Luka 12:15, ambapo Biblia yetu husema "jilindeni na choyo", King James ina covetousness, lakini tafsiri ya New International Version imeweka greed. Kitenzi, kwa upande wake, kimetoka nje na kupata sura nzuri. A coveted award ni tuzo inayotamaniwa na wengi, na ni sifa.

Sarufi. Hapa ndipo neno hili linapoyashinda mengine: lina kitenzi. Ukihitaji kusema mtu alikitamani kitu fulani cha mtu fulani, covet inakupa sentensi fupi isiyo na kona.

Mwenye nyumba. A covetous landlord amekitupia macho kiwanja cha jirani, au biashara ya mpangaji wake wa chini inayojaa wateja. Kodi haihusiki.

Linamfaa mhubiri na mfasiri wa maandiko. Anayehubiri kwa Kiingereza mbele ya Wakatoliki au Walutheri akumbuke kwamba kwao katazo hili ni amri mbili, ya tisa na ya kumi, wakati madhehebu mengine mengi ya Kiprotestanti huhesabu moja tu, ya kumi.

Rapacity

Asili. Kilatini rapere, kunyakua kwa nguvu. Kiingereza kililipokea katika karne ya 16. Ukoo wake unatisha: rapid, kasi ya kitu kinachochukuliwa na mkondo, rape, ubakaji, na raptor, ndege mwindaji, tai na mwewe. Ravenous, mwenye njaa ya kurarua, nayo ni ya ukoo huu. Kunguru, raven, hayumo, ingawa wengi humdhania.

Kosa. Kuchukua. Greed yaweza kukaa moyoni mwa mtu miaka hamsini bila jirani kujua, lakini rapacity haipo mpaka mkono umenyooshwa na mtu ameumia. Hili ndilo neno ambalo waandishi wetu hulisahau mno, na ndilo ningependa lirudi mezani.

Chukua Kongo ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908. Ukiandika kwamba mfalme yule alikuwa na greed, umesema kweli, lakini umesema jambo la Brussels, la moyo wa mtu mmoja. Vijiji vya Kongo vilikutana na kitu kingine: viwango vya mpira vilivyopaswa kufikishwa, wanawake waliotekwa ili waume zao waingie msituni, mikono iliyokatwa. Hiyo ni rapacity. Neno linakulazimisha kuwataja walionyakuliwa, na sioni historia ya haki ya utawala ule ikiandikwa bila wao.

Mahali. Historia, uchumi wa siasa, uandishi wa uchunguzi. Mwanauchumi Adam Smith, katika kitabu chake cha 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alilaani "the mean rapacity" ya wafanyabiashara na wenye viwanda, akasema hao si watawala wa wanadamu wala hawapaswi kuwa. Hakulaani kutaka kwao faida, kwani anaeleza wazi kwamba mchinjaji na mwoka mikate hutulisha kwa kujali maslahi yao wenyewe. Alilaani wanavyowabana wengine kwa ukiritimba. Uchaguzi wake wa neno ulikuwa wa makusudi.

Sarufi. Kivumishi rapacious hutumika kuliko nomino: rapacious landlord, rapacious officials.

Mwenye nyumba. A rapacious landlord amechukua amana ya miezi sita, amefunga maji ili mpangaji alipe zaidi, ameshikilia vitanda vyake. Kila moja ya hayo ni tendo.

Linamfaa mwenye ushahidi mkononi. Asiye nao aliache, kwa sababu neno hili linadai kwamba jambo limetendeka, na anayetajwa ana haki ya kuuliza lini na wapi.

Cupidity

Nalipitia kwa ufupi, maana nafasi yake ni finyu. Asili ni Kilatini cupiditas, tamaa ya aina yoyote, kutoka kwenye kitenzi kilekile kilichompa jina Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi. Kwa hiyo ni pacha wa covet: mzazi mmoja, mmoja akapita midomoni mwa Wafaransa, mwingine akatolewa vitabuni na wasomi wa karne ya 15. Mtakatifu Augustino aliiweka cupiditas kinyume cha caritas, upendo, na Biblia ya Kilatini inasema katika 1 Timotheo 6:10 kwamba mzizi wa mabaya yote ni cupiditas. Sisi tunasoma "kupenda fedha", na ndiyo maana ya Kigiriki iliyo nyuma yake.

Kosa, kwa Kiingereza cha leo, ni kutaka pesa hadi akili inapofuka. Neno linawafaa vizuri watu wanaotapeliwa kwa sababu ya tamaa yao: anayeahidiwa kuvuna mara mbili kwa wiki moja na kuuza shamba. Kivumishi cha kila siku hakipo. Mwenye nyumba wa cupidity ni yule aliyempangisha tapeli kwa kuwa ameahidiwa kodi ya ajabu.

Waliozoea Kifaransa waangalie tena: cupidité ni neno la kawaida la magazeti yao, lakini cupidity kwa Kiingereza ni adimu, na ukilitumia mara tatu katika ukurasa mmoja msomaji ataliona kabla ya hoja yako. Linamfaa anayeandika insha kwa lugha ya juu.

Gluttony

Asili ni Kilatini gluttire, kumeza, jamaa wa gula, koo. Dhambi ya ulafi nayo imo katika orodha ya Gregori. Kosa ni la chakula na kinywaji, na karibu halitoki hapo. Kiswahili kinaruhusu mtu kuwa mlafi wa madaraka. Kiingereza hakipendi gluttonous kwa madaraka wala pesa. Andika power-hungry au greedy for power. Msemo unaojulikana zaidi unaotoka mezani ni a glutton for punishment, mtu anayejirudisha kwenye taabu kwa hiari yake. Mwenye nyumba hawezi kuwa gluttonous kwa sababu ya kodi. Awe tu anamaliza sufuria. Linamfaa anayezungumzia ulaji, kwa maana ya afya au ya dini.

Uchague kwa hali yako

Kama unaandika habari na unachojua ni kwamba watu wanalalamika, greed au greedy ndani ya alama za kunukuu, kwa kinywa cha aliyesema, ndilo salama. Ukishapata risiti, mikataba na mashahidi, rapacious inaruhusiwa, na itabeba uzito ambao greedy haiwezi.

Kama unatafsiri kutoka Kiswahili na mbele yako kuna tamaa, uliza kwanza ni tamaa ipi. Tamaa ya mwili ni lust. Aliyekata tamaa amepoteza hope, na hakuna neno hata moja kati ya haya linalomhusu. Tamaa ya kusoma ni sifa: andika avid reader, maana avid ni ndugu wa avarice aliyebahatika kuheshimika. Tamaa ya kiwanja cha mwenzio ni covet. Zinazobaki, greed itazitosha.

Kama mbele yako kuna uchoyo, tazama kama mtu anataka au ananyima. Anayenyima chakula na vitu vyake ni stingy. Anayetaka kisicho na mwisho ni greedy. Biblia inapotumia choyo, fuata tafsiri ya Kiingereza wanayoisoma wasikilizaji wako, ili wakifungua kitabu wakute neno lilelile.

Kama unaandika riwaya au tamthilia, avarice humfaa mhusika unayemfuata tangu ujana hadi uzee, na cupidity humfaa yule unayemwandalia mtego katika sura moja. Midomoni mwa wahusika wenyewe weka greedy, isipokuwa mmoja wao ni padri au mwalimu wa Kilatini.

Kama ni ripoti ya shirika au tasnifu kuhusu rushwa, ardhi au madini, nakushauri uanze bila neno lolote kati ya haya: eleza kilichochukuliwa, kwa nani, na nani aliyekichukua. Kisha soma upya. Ukikuta matendo yanatosha, liache neno nje. Ukikuta panahitajika jina la jambo lenyewe, mara nyingi litakuwa rapacity, na sentensi zilizotangulia zitakuwa zimeshalilipia.